Visiwa Visivyo na Bahari: Kinyonga wa Usambara

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tukisikia neno kisiwa hukumbuka Unguja na Pemba. Lakini hata sisi wa Lushoto tunaishi kisiwani. Milima yetu hupata mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana ina misitu yenye baridi. Chini, upande wa Mombo na Mkomazi, nchi ni kavu na ya joto. Kiumbe aliyezoea ubaridi wa msitu wa Magamba hapiti huko kwa urahisi.

Mfano wake ni kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Yuko kwetu Usambara Magharibi, na yuko Usambara Mashariki, upande wa Amani. Katikati lipo bonde la Lwengera. Zamani wataalamu waliwahesabu kuwa aina moja. Mwaka 2008, baada ya kulinganisha maumbile na vinasaba vyao, walibainisha kuwa ni aina mbalimbali.

Je, viumbe hutofautianaje hivyo? Kwanza, watoto wa mama mmoja hawafanani kabisa. Pili, sifa nyingi hurithiwa. Tatu, si wote wanaofikia kuzaa. Tuseme baridi imezidi: wanaoistahimili ndio watakaozaa zaidi, na sifa yao itaenea kizazi hadi kizazi. Huu ndio uteuzi wa asili. Kinyonga mmoja habadiliki umbo kwa kutaka; linalobadilika ni kundi. Na kundi lililotengwa halipati wageni wa kuchanganya nao damu, hivyo hushika njia yake. Sisi Waislamu tunaona humo kanuni alizoziweka Mola Muumba.

Lakini udogo wa kisiwa una hatari. Msitu ukikatwa vipande vipande, kila kipande huwa kisiwa kidogo zaidi. Wanyama wachache waliobaki huzaana ndugu kwa ndugu, na tofauti zao hupungua. Ukija ugonjwa au ukame, huenda asiwepo hata mmoja mwenye sifa ya kumsalimisha.

Kinyonga hawa wa pembe mbili ni wa milima hii. Wakitoweka hapa, hatuna pa kuwafuata. Basi tukimkuta njiani tusimpige mawe kwa hofu, hana sumu. Tumwache apite, na tuutunze msitu wake, kwani ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.