Kelele za usiku ni suala la moyo, si la masikio tu

Wanaoishi kando ya barabara kuu husema wameshazoea kelele. Ni kweli kwamba baada ya muda mtu huacha kuzijali. Moyo wake, hata hivyo, hauzizoei kikamilifu.

Masikio hayalali. Lori linapopita usiku wa manane, ubongo hupokea mngurumo wake na mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka, mapigo ya moyo huenda mbio na mishipa ya damu hubana. Aliyelala huenda asiamke wala asikumbuke lolote asubuhi. Hali hiyo ikijirudia mwaka hadi mwaka, huchangia shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilipendekeza viwango vya kulinda afya. Kelele za magari, zikipimwa nje ya nyumba, zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa saa 24, na 45 wakati wa usiku. Za treni zisizidi 54, na usiku 44. Kwa ndege masharti ni makali zaidi: 45, na usiku 40. Katika kukokotoa wastani wa saa 24, kelele za jioni huongezewa desibeli 5 na za usiku 10, kwa kuwa madhara yake ni makubwa zaidi. Ndani ya chumba cha kulala, pendekezo la WHO la mwaka 1999 ni desibeli 30.

Tofauti hizo si ndogo kama zinavyoonekana. Desibeli 10 zikiongezeka, nishati ya sauti huwa imeongezeka mara 10. Uchambuzi uliotumiwa na WHO ulionyesha kuwa, kuanzia desibeli 53, kila ongezeko la 10 la kelele za magari huendana na ongezeko la asilimia 8 la hatari ya ugonjwa wa moyo unaosababishwa na kuziba kwa mishipa.

Watoto nao huathirika darasani. Uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, ulipohamishwa mwaka 1992, watafiti waliona kumbukumbu na usomaji wa watoto waliokuwa karibu na uwanja wa zamani vikiimarika, na vya watoto wa karibu na uwanja mpya vikishuka.

Kwetu kanuni zipo. Kenya, kwa mfano, ilitunga zake mwaka 2009, zikiweka ukomo wa desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi. Kinachohitajika ni kuzisimamia. Halmashauri zipime kelele kabla ya kutoa vibali vya baa, kumbi na viwanda, na mwananchi anayekoseshwa usingizi apeleke malalamiko bila kuona haya. Usingizi ni sehemu ya afya, na kuulinda ni wajibu wa mamlaka.