Funza Weupe Shambani: Anza na Jembe na Kuku Kabla ya Sumu

Je, sukuma wiki yako inanyauka ilhali udongo una maji ya kutosha? Je, ukiivuta inang'oka kwa urahisi, mizizi ikiwa imeliwa? Au umechimbua viazi ukakuta vina mashimo mapana? Wengi wetu humlaumu fuko. Hata hivyo, mara nyingi mharibifu ni mdogo kuliko kidole.

Funza mweupe ni mtoto wa mbawakawa, yule mdudu mwenye gamba gumu anayegonga taa jioni mvua inapoanza. Jike hutaga mayai udongoni, hasa penye nyasi au samadi ambayo haijaiva. Funza anayeanguliwa ana mwili mweupe uliojikunja, kichwa cha kahawia na miguu sita karibu na kichwa. Hukaa chini ya ardhi kwa miezi kadhaa, na aina nyingine hupitisha mwaka mzima, akila mizizi na viazi.

Wakulima wengi hukimbilia dukani kununua sumu. Katika bustani ya nyumbani, hatua hiyo ina hatari. Mboga huchumwa karibu kila siku, kuku huchakura papo hapo, na watoto hucheza karibu. Sumu ya udongoni pia huua nyungunyungu na wadudu wanaotusaidia. Kuna njia nyingine.

Kwanza, pima tatizo. Chimba mashimo matano sehemu mbalimbali za bustani, kina cha sentimita 15 hadi 20, na uhesabu funza. Ukikuta mmoja au wawili tu, waokote na uendelee na kazi. Ukikuta wengi katika kila shimo, usipande kwanza.

Pili, lima mapema. Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, pindua udongo asubuhi kisha ufungulie kuku. Funza ni chakula kizuri kwao, na ndege wa porini watamalizia waliobaki. Rudia baada ya wiki moja. Miche ikishapandwa, wafungie kuku wasije wakaichakura.

Hatua hii ni muhimu zaidi kwa anayefungua bustani mahali palipokuwa na nyasi. Hapo ndipo funza huwa wengi, na kupanda siku chache tu baada ya kulima ni kuwaandalia karamu.

Tatu, ivisha samadi. Irundike, iloweshe kiasi, uifunike na kuigeuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Joto la rundo huua mayai na funza wachanga. Samadi iliyo tayari ni nyeusi, huvunjika mkononi na haina harufu kali.

Lakini si kila funza ni adui. Ukimkuta funza mnene kwenye mboji, mweke juu ya ubao. Akitambaa kwa mgongo, miguu ikiangalia juu, huyo hula takataka zilizooza na anakutengenezea mbolea. Mrudishe kwenye rundo.

Nne, punguza mbawakawa wenyewe. Mvua za kwanza zinaponyesha, weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa ya nje jioni. Kila anayezama ni mayai yaliyopungua.

Kama funza bado ni wengi, zipo dawa za kibiolojia. Kuvu aitwaye Metarhizium huota juu ya mwili wa funza na kumuua. Minyoo midogo sana iitwayo nematodi humwingia na kumwachia bakteria wanaomuua kwa siku chache. Zote mbili ni viumbe hai, hivyo ziwekwe jioni kwenye udongo wenye unyevu, kwani jua kali huziharibu. Kabla ya kulipa, soma kibandiko uhakikishe bidhaa imesajiliwa na bodi ya PCPB, inalenga funza weupe na muda wake haujaisha.

Usimwage mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Utaharibu udongo utakaokulisha msimu ujao.

Huduma za ugani ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Kwa hivyo, kama huna hakika na mdudu uliyemkuta, mtie kwenye chupa pamoja na udongo kidogo na umpeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua chochote.