Sauti ya Santuri: Kiswahili katika Sinema za Mwanzo za Tanganyika

Ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris picha zao zinazokwenda, tarehe 28 Desemba 1895, picha hizo zilikuwa bubu. Nchini Japani pengo hilo lilizibwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza kisa. Katika vijiji vya Tanganyika lilizibwa na santuri.

Mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliendeshwa kati ya 1935 na 1937, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Fedha zilitoka hasa kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, nyingi zikihusu kilimo, afya, kodi na akiba. Utepe wake ulikuwa wa milimita 16, usio na sauti. Maelezo yalirekodiwa pembeni katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, na vyombo vyote vikasafirishwa kwa lori. Udhaifu wa mpango huu si mgumu kuuona. Utepe ukikatika na kuungwa, baadhi ya picha hupotea, ilhali santuri haipotezi hata neno moja. Picha hutangulia, maneno hufuata.

Udhaifu mwingine ni wa lugha yenyewe. Katika filamu ya Post Office Savings Bank, mtu anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazichukua. Mwenzake anaweka zake posta. Mtu wa Chilangala, katika uwanda wa juu wa Makonde, angeielewa sehemu ya kwanza bila kuambiwa neno. Shimo ni shimo. Lakini faida ya fedha iongezekayo katika daftari la akiba haionekani kwa macho. Yahitaji maneno, nayo maneno hayo yangemfikia kwa Kiswahili, ambacho kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wengi wa Newala na Masasi wa wakati huo kilikuwa lugha ya pili. Basi pale ambapo picha ilishindwa, ndipo mzigo wote ulipotwishwa lugha ya kuazima.

Watengenezaji wa kikoloni walitafuta kasoro kwingine. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit iliyoanzishwa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka, hivyo filamu ziende polepole, bila hila za kamera. Dhana hiyo ilikuwa dhaifu: iliyachukulia macho ya mtazamaji kuwa ndiyo tatizo, ikasahau kuuliza aliambiwa nini na kwa lugha gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Zilitengenezwa filamu ambazo wahusika wenyewe walizungumza Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogomchungu, aliyoigiza Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. (Jina hilo walaji wa muhogo wa Newala hawakuhitaji kufafanuliwa.) Hata hivyo msimulizi hakutoweka. Miongo kadhaa baadaye alirejea katika vibanda vya video, kipaza sauti mkononi, akizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza mzaha wake. Naye, tofauti na santuri, aliweza kusimama kuwasubiri watazamaji wamalize kucheka.