Tansio: Hata Mutoto Anaweza Kuipata

Wazazi wapenzi, wazeni hivi: asubuhi moja mutoto wenu wa miaka saba anaamuka na uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Mnasema, amelala vibaya. Kisha anakojoa, na mukojo unafanana na chai kali. Kesho yake analia kichwa, anatapika, na usiku degedege linamukamata. Maneno yanaanza. Huyu anasema, "Ni malaria," yule, "Bamemuloga." Nani anawaza tansio? Kwetu kambini tansio ni ya bazee na ya wenye madeni!

Malaria ipimwe, hatukatai. Lakini kumbukeni: majuma machache mbele ya pale, hakuwa na vidonda ku ngozi, ao upele aliokuna mpaka ukatoa usaha? Ao koo lilimuuma? Mwili ukipigana na vijidudu vile, vita vyenyewe vinaweza kuumiza figo. Kisha maumivu ya koo, inapita juma moja ao mawili. Kisha vidonda, majuma matatu mpaka sita, na wakati ule vimekwisha kupona na kusahauliwa. Figo likiumia, maji na chumvi vinabaki mwilini, na tansio inapanda.

Basi mkifika kwa munganga, mwambieni habari ya vidonda vile, mwombeni apime tansio na mukojo. Msione haya kumuuliza kama mkanda ni wa mutoto. Ule wa mtu mukubwa, ukifungwa ku mkono mudogo, unaonyesha hesabu ya chini kuliko ile ya kweli, na mnarudi nyumbani na furaha ya bure. Tena 120 kwa 80, ambayo baba anaishukuru, kwa mutoto huyu wa miaka saba ni ya juu.

Degedege likimukamata, mulazeni kwa ubavu, msitie kitu kinywani, na mupelekeni hospitali usiku uleule.

Vidonge vya nkambo msimupe, hata nusu. Bukari atakula, lakini makayabu na Maggi viondoke kwanza ku sahani yake, na maji ya kunywa yafuate kiasi alichosema munganga. Wengi wa watoto hawa wanapona kabisa, ijapokuwa mukojo utapimwa tena kwa miezi. Kuna watoto wengine ambao tansio yao inatoka kwa figo walilozaliwa nalo vibaya, ao kwa unene. Hao watafuatwa muda murefu.

Na upele? Munganga akitoa dawa, nyumba nzima ijipake siku moja, hata baba anayesema yeye hajikuni.