Ian Wright: Kijana wa mjengo aliyeingia soka ya kulipwa akikaribia miaka 22

UMEWAHI kuambiwa kwamba umri umekutupa mkono? Una miaka 20 au 21, umefanya majaribio hadi viatu vimeisha soli, na kila klabu jibu ni lile lile: tutakupigia simu. Simu yenyewe haiji. Basi kabla hujatundika njumu zako, sikiza habari za Ian Wright.

Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, jina hili unalijua. Pengine mjomba wako amekuchosha nalo kila Wanabunduki wanapokosa mabao. Ila huenda hujui kwamba hadi alipokaribia kutimiza miaka 22, Wright hakuwa amesaini kandarasi na klabu yoyote ya kulipwa.

Alizaliwa Novemba 3, 1963 mtaani Woolwich, London, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaica. Nyumbani hakukukalika. Ukatili wa baba wa kambo aliusimulia mwenyewe katika filamu ya BBC mwaka wa 2021. Shuleni nako alikuwa mtoto wa kutolewa nje ya darasa kila mara, mpaka mwalimu mmoja, Sydney Pigden, alipomshika mkono. Mzee huyo, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alimfundisha kusoma na kuandika, akampa jukumu la kukusanya rejista. Uwanjani alimwambia aache kupiga mashuti kwa fujo. Atulie, aupeleke mpira wavuni.

Kipaji kilikuwepo, bahati ikakosekana. Southend walimwangalia katika majaribio, Brighton vilevile. Hakuna aliyempa kandarasi. Akiwa na miaka 19 alitupwa katika jela ya Chelmsford kwa wiki mbili kwa kutolipa faini za makosa ya gari. Humo ndani aliapa kufanya kila awezalo apate kuishi kwa kucheza mpira.

Lakini kiapo hakilipi kodi ya nyumba. Alipotoka, alifanya kazi za mjengo, na wikendi akasakata kabumbu katika ligi za mtaani kabla ya kujiunga na klabu ndogo ya Greenwich Borough. Huko ndiko Crystal Palace walikomwona, na Agosti 1985 kocha Steve Coppell akamsajili.

Kuanzia hapo ni mabao tu. Mwaka wa 1989 aliisaidia Palace kupanda hadi ligi kuu. Msimu uliofuata alivunjika mguu mara mbili, lakini fainali ya Kombe la FA ya 1990 dhidi ya Manchester United ilipofika, akaingia kama nguvu mpya. Dakika chache tu, bao! Muda wa ziada, la pili! Mechi ikaisha 3-3, na United wakashinda marudiano 1-0.

Septemba 1991 Arsenal walimnunua kwa pauni milioni 2.5, rekodi ya klabu wakati huo. Mechi yake ya kwanza ya ligi alifunga matatu dhidi ya Southampton. Septemba 13, 1997, Highbury, alikuwa akiiwinda rekodi ya Cliff Bastin ya mabao 178. Alipofunga la kwanza dhidi ya Bolton, alipandisha jezi kuonyesha fulana yenye namba 179. Kumbe alikuwa amefikisha 178 tu! Dakika chache baadaye akafunga tena, na fulana ikawa sahihi. Siku hiyo alitia matatu.

Aliondoka Arsenal 1998 akiwa na mabao 185 katika mechi 288, medali ya Ligi Kuu mkononi. Rekodi yake ilidumu hadi 2005, alipoivunja Thierry Henry. Hata hivyo, si kila kitu alipata. Aliichezea Uingereza mara 33, lakini hakuwahi kucheza Kombe la Dunia. Lile la 1998 alilikosa kwa sababu ya jeraha.

Baada ya kustaafu mwaka wa 2000, alikutanishwa mbele ya kamera na Mwalimu Pigden, ambaye alidhani alishafariki. Wright alivua kofia papo hapo kama mwanafunzi, machozi yakamtoka.

Sasa wewe kijana, tusidanganyane. Wengi wanaokataliwa hawawi Ian Wright. Lakini angalia alichofanya baada ya kukataliwa: hakuacha kazi iliyomlisha, na hakuacha kucheza wikendi. Siku Palace walipokuja kutazama, walimkuta uwanjani. Na kama kuna mwalimu aliyewahi kukushika mkono, mpigie simu angali hai.