Kodi, Faini na Kifungo: Mambo Yampasayo Mwanaushirika Kuyafahamu

Kulipa kodi na ushuru ni wajibu wa kila raia, wala si kazi ya chama cha ushirika kumfundisha mwanachama kuukwepa. Hata hivyo, wajibu huo una mipaka yake. Mtoza ushuru ana haki ya kudai, lakini hana uwezo wa kufunga. Uwezo huo ni wa mahakama peke yake. Mwanachama asiyeifahamu tofauti hiyo aweza kupoteza fedha zake, au hata uhuru wake, kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kuonyesha stakabadhi moja.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vyama vilivyo mbali na makao ya mkoa. Muze iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya kuta za safu ya Lyamba lya Mfipa. Mkulima wa huko akipelekwa Sumbawanga, ndugu zake hawana budi kupanda mlima kumfuata, wakiwa na nauli mkononi na chakula cha njiani. Na ikiwa amekamatwa wakati mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, shamba halimsubiri.

Mambo yalivyoanza

Desturi ya kumshika mtu kwa ajili ya kodi haikuanza jana. Serikali ya Wajerumani ilitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na kodi hiyo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alifanyishwa kazi. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vilivyozuka mwaka 1905.

Waingereza nao waliweka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kwa kuwa Ufipa ilikuwa mbali na masoko, mazao hayakuleta fedha ya kutosha. Vijana wengi waliacha mashamba yao wakaenda kutafuta fedha ya kodi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika mashamba ya mkonge, na katika migodi ya shaba ya nchi ambayo sasa ni Zambia. Katika nchi jirani ya Kenya, wakoloni walitunga sheria mwaka 1925 ya kuanzisha kambi za kuwaweka watu wenye makosa madogo, wakiwamo wasiolipa kodi. Katika kambi hizo walifanyishwa kazi za Serikali. Ni dhahiri kwamba katika zama hizo kifungo hakikukusudiwa kuleta fedha tu, bali pia nguvu za watu.

Baada ya Uhuru, kodi ya kichwa ya serikali za mitaa na ushuru wa mazao vilifutwa mwaka 1969. Halmashauri za wilaya zilipovunjwa mwaka 1972 na kisha kurudishwa mwaka 1984, Kodi ya Maendeleo ilianza kutozwa kwa kila mtu mzima. Katika sehemu nyingi za nchi wananchi walikumbana na vizuizi vya barabarani na misako ya mgambo, na wengine walijificha porini msimu wa makusanyo ulipofika. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na tozo nyingine zilizoonekana kuwa kero. Uganda nayo ilisimamisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya namna hiyo hiyo.

Njia kutoka deni hadi kifungo

Kufutwa kwa kodi ya kichwa hakukufuta ushuru wa mazao, ada za soko, wala faini za sheria ndogo za halmashauri. Kwa hiyo inafaa kila mwanachama afahamu hatua zilizopo kati ya deni na kifungo.

Hatua ya kwanza ni sheria yenyewe. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge, au na utaratibu uliowekwa kisheria. Anayedaiwa ana haki ya kuuliza ni sheria ndogo ipi inayotumika. Kwa mfano, ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Mkulima anayepeleka mpunga wake mwenyewe nyumbani kwake si mnunuzi.

Hatua ya pili ni kufifilisha kosa, yaani kukiri na kulipa faini pasipo kwenda mahakamani. Njia hii ni nyepesi kwa mwenye kosa. Lakini asiyekiri kosa halazimiki kuifuata. Ana haki ya kutaka shauri lake lisikilizwe na hakimu.

Hatua ya tatu ni mahakama. Mtendaji wa kijiji au wa kata hawezi kugeuza ofisi yake kuwa mahabusu. Aliyekamatwa hana budi kufikishwa kwenye vyombo vya sheria bila kucheleweshwa, na kwa makosa madogo kama haya dhamana ni haki yake. Akitiwa hatiani katika Mahakama ya Mwanzo, anazo siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Wilaya.

Hatua ya nne ni faini na kifungo kilichowekwa badala yake. Hapa ndipo wengi hupotea kwa kutojua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inayotumika katika Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi, imeweka kanuni mbili. Mfungwa anayelipa faini yote huachiliwa. Anayelipa sehemu yake hupunguziwa kifungo kwa kiasi hicho hicho. Tuseme mtu ametozwa faini ya shilingi 60,000, au kifungo cha miezi minne akishindwa kulipa. Ndugu zake wakipeleka shilingi 30,000, kifungo hupungua kwa nusu. Fedha kidogo si fedha bure.

Tena, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaipa mahakama uwezo wa kumpa mtu mwenye kosa dogo kazi ya manufaa kwa umma, naye akaendelea kulala nyumbani kwake. Mshtakiwa aweza kuiomba mahakama ifikirie njia hiyo.

Wajibu wa chama

Kifungo cha namna hii hakimnufaishi mtu. Halmashauri haipati ushuru wake, Serikali humlisha mfungwa, na chama hukosa mazao ya mwanachama na marejesho ya mkopo wake wa pembejeo. Nyumbani, mama na watoto hulima eneo wanaloliweza tu, na njaa ya mwaka unaofuata huanzia hapo.

Kwa hiyo yafaa kila chama cha msingi kitekeleze mambo manne. Kwanza, kibandike ofisini viwango vya ushuru vinavyotumika, kabla ya msimu wa mauzo kuanza. Pili, kitunze nakala za stakabadhi zote za ushuru, hasa zile zitolewazo na mashine za kukusanyia mapato, kwa maana fedha iliyolipwa bila stakabadhi haina shahidi. Tatu, wanachama wakubaliane katika mkutano mkuu kama sehemu ya akiba yao itaweza kumkopesha mwenzao aliyetozwa faini, na kwa masharti gani. Nne, kamati iwafahamu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ili mwanachama asiende mahakamani peke yake.

Ushirika ulianzishwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi. Ni haki asisimame peke yake mbele ya daftari la mtoza ushuru pia: akidaiwa kwa haki, alipe, akidaiwa isivyo haki, awe na karatasi ya kuonyesha na mwenzake wa kumsemea.