‘Submergence’: Muvi iliyokuja hadi mlangoni kwetu, kisha ikatupita

Vijana wa Garissa tuna mtihani wetu wa muvi. Ikiwa hadithi inatokea Somalia, tunangoja mtu afungue mdomo. Kama huyo anayedaiwa kuwa Msomali anaongea Kiarabu cha kubahatisha, au Kisomali ambacho ayeeyo akikisikia atauliza huyu ni wa wapi, basi hapo imeisha, tunaanza kucheka hata kama mtu anapigwa risasi. ‘Black Hawk Down’ ya 2001 ilianguka mtihani huu zamani sana. Ilipigwa Morocco, na Wasomali wengi hawajasahau jinsi sura zao zilivyokosekana kwenye hadithi ya mji wao.

Kwa hivyo niliposikia kwamba ‘Submergence’ ilirekodiwa Djibouti, mahali ambapo Kisomali ni lugha ya mtaani, nilinunua bando nikiwa na matumaini. Tena nilikuwa nimeshasoma kitabu. Na kitabu, wallahi, ni moto.

Kiliandikwa na J.M. Ledgard, Mskoti aliyekaa miaka mingi eneo hili akiripotia jarida la The Economist kutoka Nairobi. Kilitoka 2011. Jasusi Mwingereza anayeitwa James More anakamatwa na wanamgambo Somalia. Mpenzi wake Danielle ni mwanasayansi wa bahari, na yeye anajiandaa kushuka chini kabisa kwenye kilindi ambako mwanga haufiki. Mmoja yuko gizani ndani ya chumba, mwingine anaenda gizani chini ya maji, na kabla ya hapo walikutana kwenye hoteli moja ufuoni Ufaransa wakapendana kwa siku chache tu.

James anajifanya mhandisi wa maji. Hapo ndipo nilijua mwandishi huyu ametembea kweli. Njoo huku kwetu na Land Cruiser nyeupe, sema umekuja kupima kisima, uone kama kuna mtu atakuuliza kitambulisho. Utapewa chai ya maziwa ya ngamia na uonyeshwe njia. Sisi wenyewe, tuliozaliwa hapa, ndio tunaulizwa kitambulisho tukifika daraja la Tana.

Sasa muvi. Iliongozwa na Wim Wenders, na huyo si mtu wa kubahatisha. Alishinda tuzo kubwa ya Cannes 1984 kwa ‘Paris, Texas’, na ‘Perfect Days’ yake ya 2023 iliteuliwa kwa Oscar. Waigizaji ni James McAvoy na Alicia Vikander. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2017. Pesa ipo, majina yapo, hadithi ipo. Halafu unakaa karibu saa mbili ukitazama mwanamke akiangalia simu.

Sitanii. Danielle anangoja James ajibu, James hajibu kwa sababu amefungiwa, na muvi inamrudisha Danielle kwenye hiyo simu mara nyingi mpaka jamaa niliyekuwa natazama naye akauliza kama ni tangazo la mtandao. Baadaye alilala. Sikumwamsha.

Shida ni hii. Kitabu kinaruka-ruka pia, kutoka Somalia hadi Ufaransa hadi chini ya bahari, lakini kinaruka ndani ya kichwa cha mtu. Mateka aliye gizani anawaza, na wazo lake ndilo linalokubeba hadi baharini, kwa hivyo hofu unakuja nayo. Kamera haiwezi kufanya hivyo bure bure. Ikikata kutoka kwa mtu anayepigwa hadi watu wawili wanaotembea ufuoni na makoti mazuri, hofu yote inamwagika. Kila mara nilipoanza kubana pumzi, tukarudishwa hotelini. Na pale hotelini wanaongea kuhusu matabaka ya bahari kama lekcha ya saa nane mchana. (Mimi niliacha chuo sababu ya karo, lakini lekcha za saa nane sizikumbuki kwa mapenzi.)

Hadithi ya kusisimua inahitaji swali moja ambalo halikuachi ulale. Angalia ‘The Constant Gardener’. Riwaya ya John le Carré ilitoka 2001, muvi ya Fernando Meirelles ikaja 2005, ikapigwa Kibera na hadi Loiyangalani kule kando ya Ziwa Turkana. Nayo ina Wazungu mbele, na mimi nina malalamiko yangu juu ya hilo. Lakini swali la nani alimuua Tessa, na kwa nini, linabaki hai tangu mwanzo, na barabarani kamera inatazama watu wa Kenya kama watu wenye safari zao. Rachel Weisz alipata Oscar kwa muvi ile. Nayo ilitoka kwenye kitabu kinene, chenye barua na ripoti nyingi ndani, kwa hivyo kisingizio kwamba kitabu kigumu hakiwezi kuwa muvi nzuri sikikubali.

Kitu kilichoniudhi zaidi ni wale wanamgambo. Kwenye kitabu wanatisha kwa sababu ni watu. Wanaugua, wana njaa, wanagombana, wengine ni watoto wadogo waliopotea. Kwenye muvi wengi wao ni bunduki zinazotembea. Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan, anaigiza daktari aliye upande wao, na Mfaransa Reda Kateb anaigiza Saif. Hao ni waigizaji wazuri, na sehemu chache walizopewa ndizo sehemu pekee ambapo niliacha kuangalia saa. Ningelipa bando nyingine nione muvi ya yule daktari peke yake: mtu aliyesoma, anayejua anachofanya, na bado yuko pale. Hilo lingekuwa swali la kukukosesha usingizi.

Mtu atasema, bana, ni muvi tu. Sawa. Lakini ukitoka Garissa hii kitu si muvi tu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Tangu siku hiyo ukitaja kwenu ni wapi, kuna sura watu hukuangalia nayo. Kwa hivyo mimi nataka kujua vijana wale waliingiaje humo. Nani aliwaita, walikuwa wanakimbia nini, nani nyumbani alijaribu kuwazuia akashindwa. Kitabu cha Ledgard kinajaribu kuuliza. Muvi inauliza kama Mskoti mzuri atarudi kwa mpenzi wake.

Kama hujaitazama na unataka kuitazama, ruka aya hii. Mwishoni makombora yanatua kambini, James anajitosa majini, na sisi tunatakiwa kumwaza yeye tu. Sasa linganisha na ‘The Village Next to Paradise’ ya Mo Harawe, iliyoingia Cannes 2024. Hiyo inaanza na taarifa ya televisheni ya ng’ambo kuhusu shambulio la ndege isiyo na rubani, halafu inageuka na kukaa na jamaa anayechimba kaburi. Au ‘The Gravedigger’s Wife’ ya Khadar Ayderus Ahmed, nayo pia ilipigwa Djibouti, kwa Kisomali mwanzo mwisho. Mke anahitaji upasuaji wa figo, mume anatafuta pesa, basi. Ilishinda tuzo kubwa ya FESPACO 2021. Niliikosea pumzi zaidi kuliko makombora yote ya Wenders, kwa sababu sote tunamjua mtu ambaye familia imemchangia hospitali mpaka simu zikaacha kupokelewa.

Na sisemi Mzungu hawezi. ‘Watu Wote’ iliongozwa na Mjerumani, Katja Benrath, alipokuwa mwanafunzi wa filamu Hamburg, na waigizaji wakawa Wakenya. Inahusu basi la Mandera lililovamiwa Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016. Dakika 22 tu, na iliteuliwa kwa Oscar 2018. Ndani ya basi lile unawaogopa wavamizi, lakini zaidi unawaogopea abiria, kila mmoja wao, hata wale ambao hawasemi neno.

Kitu kingine. Mwaka uleule wa 2011 Nuruddin Farah alitoa ‘Crossbones’: maharamia, wanamgambo, na baba anayemtafuta mtoto wake wa kambo aliyetoroka Minneapolis kwenda kujiunga nao. Mtafutaji anayejua lugha, anayejua koo, anayeogopa kumpata kama anavyoogopa kumkosa. Bado nangojea mtu mwenye kamera akisome.

Kwa sasa, kama una bando ya muvi moja tu wikendi hii, anza na ‘Watu Wote’. ‘Submergence’ isome.